Ndege ya Vuta-Sukuma: Je, Ingetufaa Ukambani?

Kalamu nimeishika, na ninalotaka kulisema safari hii si la mpira wala la mapenzi, maana hayo yamejaa tele katika kurasa nyingine. Nataka tuzungumze juu ya ndege. Si ndege wa kulia mtini, la, bali eropleni, tena eropleni ya aina ya pekee: ile yenye injini mbili zilizopangwa moja mbele na nyingine nyuma. Ya mbele huvuta, ya nyuma husukuma. Kwa hivyo mimi nitaiita ndege ya vuta-sukuma, na mwenye jina bora zaidi na alilete.

Mtakumbuka kwamba muhula wa pili Chama chetu cha Kiswahili kilijadili mada iliyosema kuwa injini mbili ni salama kuliko moja. Upande ulioiunga mkono ulipitisha picha ya ndege hiyo darasani, ukadai kwamba hiyo hasa ndiyo ingewafaa watu wa Kitui na Makueni kubebea wagonjwa na chakula cha msaada. Makofi yalipigwa, hata dawati moja likavunjika mguu. Mimi sikusema kitu siku hiyo kwa kuwa nilikuwa mshika saa, na mshika saa hana sauti. Leo ninayo.

Nitasema msimamo wangu mapema ili nisije nikaambiwa nazunguka mbuyu. Ndege ya vuta-sukuma naipenda, na wenye nazo wana sababu nzuri za kuipenda. Lakini kwa wagonjwa wetu na kwa viwanja vyetu vya vumbi, mimi sitaichagua. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza tuelewe shida iliyoizaa. Ndege nyingi za injini mbili huwa na injini moja katika kila bawa. Zote mbili zikifanya kazi, mambo ni shwari. Sasa chukueni mfano wa maksai wawili waliofungwa nira wakivuta plau kule Kibwezi au Wote. Maksai mmoja akianguka ghafla na mwenzake akaendelea kuvuta, je, plau itakwenda mbele? Wapi! Itageuka upande. Hivyo hivyo ndege. Injini ya bawa la kushoto ikizima, ile ya kulia huendelea kuvuta, na pua ya ndege hugeukia kushoto, huku bawa la kushoto likitaka kuanguka. Rubani ana sekunde chache tu za kutambua ni injini ipi iliyokufa, kukanyaga pedali ya upande wa pili kwa nguvu, na kugeuza mapanga ya rafadha iliyokufa ili yasizuie upepo. Tena mwendo ukiwa mdogo mno, hata akikanyaga pedali mpaka mwisho, usukani wa mkia hauna nguvu ya kuizuia ndege isipinduke. Kwa sababu hiyo, marubani wengi wamekufa katika ndege ambayo bado ilikuwa na injini moja nzima. Ajabu, lakini ni kweli.

Dawa yake ni ipi? Ni kuwatoa maksai ubavuni na kuwapanga katika mstari mmoja. Injini moja iwe puani, nyingine iwe nyuma ya viti vya abiria. Mojawapo ikizima, ndege hupungua nguvu, lakini haigeuki kushoto wala kulia. Huenda mbele tu.

Wazo hili si geni. Mjerumani Claude Dornier alilitumia katika ndege zake za majini zilizoitwa Wal, ambazo zilianza kuruka mwaka 1922. Mwaka 1925 mvumbuzi wa Norwei, Roald Amundsen, na wenzake watano walichukua mbili za aina hiyo kwenda kutafuta Ncha ya Kaskazini. Wakatua barafuni kabla ya kufika, ndege moja ikaharibika, nao wakatumia zaidi ya wiki tatu kusawazisha barafu ili ile iliyobaki ipate mahali pa kukimbilia. Wote sita walirudi salama ndani yake. Baadaye, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Dornier huyo huyo alitengeneza ndege ya kivita iitwayo Do 335, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1943. Ilikuwa na injini mbele na nyuma, ikapita mwendo wa kilomita 750 kwa saa, na hapana shaka ilikuwa miongoni mwa ndege za rafadha zilizokuwa na kasi kuu kabisa.

Lakini ndege iliyoonekana kwenye ile picha yetu ni ya raia. Inaitwa Skymaster, na ilitengenezwa na kampuni ya Cessna ya Marekani. Ya kwanza, namba 336, ilianza kuuzwa mwaka 1963 ikiwa na magurudumu yasiyokunjwa. Mwaka 1965 ikafuata namba 337, ambayo hukunja magurudumu yake ikiwa angani. Kila injini ya 337 ya kawaida ina nguvu farasi 210. Bawa lake liko juu ya paa, na mkia wake umeshikwa na mikono miwili mirefu itokayo kwenye mabawa, kwa kuwa katikati pana rafadha ya nyuma ikizunguka. Ukiiona mara moja huisahau. Jeshi la Marekani lilizitumia Vietnam kuanzia mwaka 1967 kuwatafuta adui kutoka angani. Kampuni ya Reims ya Ufaransa nayo ilizitengeneza, na mwaka 1976 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilipata kadhaa za huko, ikaziita Lynx, ikazitumia katika vita dhidi ya wapigania uhuru. Utengenezaji ulikoma miaka ya 1980 mwanzoni, zikiwa zimefika karibu 3,000, zile za kijeshi zikiwamo.

Sasa, kwa nini mwenye ndege aipende hivi? Nimejaribu kujiweka katika viatu vyake, nikaona sababu nne.

Ya kwanza nimekwisha kuitaja: injini ikifa, ndege haimpindui. Kwa mtu anayerusha ndege yake mwenyewe Jumamosi na Jumapili, ambaye si rubani wa kila siku, hilo ni jambo kubwa mno. Huko Marekani, rubani akifanya mtihani wa injini mbili katika ndege ya namna hii, leseni yake huandikwa kikomo kwamba asirushe zile za injini za mabawani, kwa vile hajaonyesha kwamba anaweza kuzidhibiti injini moja ikifa. Yaani serikali yenyewe imekiri kwamba hii ni rahisi zaidi.

Ya pili ni macho. Kwa kuwa bawa liko juu na injini haziko ubavuni, aliyekaa dirishani huiona ardhi yote chini yake. Ndiyo maana ilipendwa na watu wa upelelezi, wa zimamoto na wa uokoaji. Kulikuwa na kundi la Wakyuba waliohamia Miami, lililozitumia kutafuta watu waliokuwa wakikimbia Kyuba kwa mashua dhaifu. Tarehe 24 Februari 1996 ndege za kivita za Kyuba zilitungua mbili kati ya hizo, wakafa watu wanne. Kundi hilo lilikuwa likiruka juu ya bahari saa nyingi, mahali ambapo injini ya pili si anasa.

Ya tatu, bawa la juu huinuka mbali na majani na vichuguu, na huwapa abiria kivuli wakishuka juani. Wenye kujua jua la Mtito Andei hawatacheka.

Ya nne ni ya moyo. Haifanani na nyingine. Sauti yake ni ya pekee, sura yake ni ya pekee, na binadamu hupenda kuwa na kitu ambacho jirani hana. Mbona wenye matatu hupaka rangi? Ni tabia hiyo hiyo.

Kuna hata kisa kilichopita juu ya vichwa vya Wakenya. Desemba 1986 ndege iitwayo Voyager, iliyobuniwa na Burt Rutan, ilizunguka dunia nzima bila kutua na bila kuongezwa mafuta. Ndani yake walikuwamo Dick Rutan, kaka yake mbunifu huyo, na bibi mmoja, Jeana Yeager. Waliondoka California tarehe 14, wakaelekea magharibi juu ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, wakaingia bara letu kwa upande wa mashariki, wakapita anga ya Kenya na kuvuka Afrika hadi Atlantiki. Tarehe 23 walitua walikotoka. Safari ilikuwa ya zaidi ya kilomita 40,000, na waliposhuka walikuwa wamebakiwa na mafuta ya kilo 48 hivi tu.

Voyager ilikuwa ya vuta-sukuma, na siri ya safari ilikuwa humo. Injini zote mbili zilifanya kazi wakati wa kuruka na tangi zimejaa pomoni, na pia palipohitajika kupanda juu. Baadaye ile ya mbele ilizimwa kwa sehemu kubwa ya safari ili kubana mafuta, na ya nyuma ikasukuma peke yake. Injini za mabawani zingewafanya warubani wakanyage pedali upande mmoja siku zote hizo. Kisha, karibu kabisa na nyumbani, pwani ya Mexico, ile ya nyuma ikakosa mafuta ikazima usiku. Ndege ikaanza kushuka gizani. Wakaiwasha ile ya mbele iliyokuwa imelala, ikawaka, na ya nyuma nayo ikarudi. Basi mtu akiniambia kwamba mpango huu ni wa kijinga, nitamkatalia.

Naam, mpaka hapo nadhani wale wa upande wa kuunga mkono wanatabasamu. Wasubiri kidogo.

Tazameni mkokoteni wa maji ukipanda ukingo wa mto wa mchanga, kama Tiva au Nzeeu. Punda yuko mbele anavuta, mitungi imejaa, na kijana yuko nyuma anasukuma. Mwenye kamba ya punda anatazama mbele. Kijana akichoka akaacha kusukuma, mkokoteni hauendi kushoto wala kulia. Unakuwa mzito tu. Aliye mbele hana habari. Ataendelea kumpigia punda kelele na kumlaumu, mpaka katikati ya kilima mkokoteni uanze kurudi nyuma, na hapo ndipo atageuka na kumkuta kijana amekaa juu ya jiwe.

Hiyo ndiyo shida ya Skymaster. Injini ya nyuma rubani haioni. Ikizima polepole wakati ndege inatembea kuelekea mwanzo wa uwanja, mngurumo wa ile ya mbele hufunika kimya chake. Ndege haitamwambia kwa kugeuka, kwa sababu imetengenezwa isigeuke! Rubani asiyesoma mishale ya saa zake ataongeza moto na kuanza kukimbia kwa nusu ya nguvu. Uwanja unaisha, ndege haijainuka, au imeinuka kidogo na haipandi. Jambo hili lilitokea mara za kutosha hata wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani wakaamuru kibandikwe kibao mbele ya rubani, kinachomkataza kuanza kuruka kwa injini moja. Wajuzi nao hufundisha kwamba rubani aongeze kwanza moto wa injini ya nyuma, asome saa zake, halafu ndipo aongeze wa mbele.

Kwa maneno mengine, mbunifu aliondoa hatari iliyokuwa ikipiga kelele, akaacha inayonyamaza. Mimi sisemi alifanya vibaya. Nasema kwamba mwenye ndege hii asidhani amenunua usalama, akautia mfukoni na kulala. Usalama wake unategemea macho yake kila asubuhi. Mwenyewe anayeijua, anayeirusha peke yake na kuitunza kama mama na mtoto, atafaidi. Lakini ndege ya huduma hurushwa na huyu leo na yule kesho, kwa haraka, mgonjwa akigumia nyuma. Hapo ndipo hofu yangu inapoanzia.

Tena si hofu ya kitabuni. Wengi wetu humu shuleni tunatoka mbali. Kaunti ya Kitui ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, na kutoka Tseikuru hadi Ikutha ni safari ya kumchosha hata dereva. Mito yetu mingi ni ya mchanga. Miezi minane unaivuka kwa miguu bila kulowa, kisha mvua ya Novemba ikinyesha milimani, maji huja kama ukuta. Hatujasahau Desemba 2021, Mto Enziu huko Mwingi ulipolisomba basi lililobeba wanakwaya na wenzao waliokuwa wakienda harusini. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwamo.

Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya Mto Thua. Mwaka mmoja mvua hizo hizo za Novemba zilimkuta nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba humwita susu, ameanguka akavunjika nyonga. Mto ulikuwa umejaa. Gari lilikuja likasimama upande wa pili, dereva akitutazama nasi tukimtazama. Susu alilala siku mbili juu ya kitanda chini ya mwembe, akiomba maji na kuuliza kama mto umepungua. Siku ya tatu vijana wanane walimbeba na kitanda chake wakavuka, maji yakiwafika kiunoni. Aliishi, tunamshukuru Mungu, ila leo anatembea kwa fimbo. Basi watu wakipiga makofi juu ya ndege ya kubebea wagonjwa, mimi sipigi makofi tu. Nauliza: ni ndege gani hasa itakayotua kwetu na kuondoka tena na susu ndani?

Tuijaribu Skymaster kwa swali hilo.

Kwanza, hewa. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Makindu ni kama mita 1,000, na Kitui mjini ni zaidi ya hapo. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini ya petroli isiyo na kifaa cha kushindilia hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Ongeza joto la saa nane mchana, hewa inazidi kuwa nyepesi. Basi zile nguvu farasi 420 za injini mbili hazifiki hata kabla hujapakia mtu. Injini moja ikifa hapo, iliyobaki haibebi nusu ya kazi kama wengi wadhanivyo. Hubeba ndege nzima, na nguvu ya kupandia inayobaki ni kidogo sana. Kwa hivyo kusema "injini mbili ni usalama mara mbili" ni hesabu ambayo mwalimu wetu wa fizikia angeipiga mkasi mwekundu.

Pili, mawe. Viwanja vyetu vingi ni vya murram. Magurudumu na rafadha ya mbele hurusha changarawe nyuma, na nyuma kuna nini? Kuna rafadha ya pili inayozunguka. Kila kokoto ni pigo juu ya mapanga yake. Halafu injini ya nyuma haipati upepo mzuri ndege ikiwa chini, nayo hupata joto upesi. Kwa nchi ya baridi hilo si neno kubwa. Kwa Mutomo mwezi wa Februari, ni neno.

Tatu, nafasi na kelele. Injini ya nyuma imekalia mahali ambapo ndege nyingine huweka mizigo, hata watengenezaji wakabuni sanduku la kufungwa chini ya tumbo. Machela utaiweka wapi? Na mgonjwa atakuwa kati ya injini mbili, moja mbele ya miguu na moja nyuma ya kichwa.

Nne, mafuta na umri. Injini hizi hunywa petroli maalumu ya ndege, ambayo katika nchi nyingi za Afrika ni adimu na ghali. Injini mbili ni vinywa viwili, na fundi ana kazi mara mbili. Isitoshe, Skymaster yoyote utakayoinunua leo imepita miaka 40. Ndiyo, kuna wanaozitunza vizuri hadi zikang'aa, lakini hao ni wapenzi, na mpenzi hahesabu gharama. Mfuko wa umma lazima uhesabu.

Tuangalie wanaofanya kazi yenyewe wamechagua nini. Madaktari Warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, leo wana ndege ya PC-12 ya Uswisi. Ina injini moja tu puani. Shirika la Wanyamapori, KWS, na ndege za kimisheni za Wilson hutumia Cessna Caravan, ambayo pia ni ya injini moja. Lakini injini zenyewe si za petroli. Ni za turbini, zinazotumia mafuta ya jeti, ndugu wa mafuta ya taa, ambayo hupatikana kwa urahisi zaidi. Ile ya Caravan tangu mwanzo ilikuwa na nguvu farasi 600, na ya PC-12 ni 1,200. Turbini ina vyuma vichache vinavyogongana, na huzima kwa nadra kuliko injini ya petroli. Mlango wa nyuma ni mpana, machela inaingia. Hata kampuni ya Adam Aircraft ya Marekani, iliyojaribu kurudisha vuta-sukuma sokoni kwa ndege yake mpya ya A500, iliuza chache mno ikafilisika mwaka 2008.

Najua jibu linalokuja. Mtasema, kidole kimoja hakivunji chawa, na hiyo injini moja ikizima je? Ni swali la haki, na sitalikimbia. Ikizima, ndege itashuka, hakuna njia nyingine. Lakini itashuka ikiongozwa, kwa mwendo mdogo, rubani akijua tangu mwanzo kwamba hana ya pili na akiwa amekwisha kuchagua kwa macho mahali pa kutua. Bonde la mchanga la Tiva wakati wa kiangazi limepanuka kama barabara. Asiye na injini ya pili hajidanganyi kwamba anayo. Na kama kazi ingekuwa ni kuvuka bahari kwenda Komoro, au kuruka saa tatu juu ya msitu wa Kongo, mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza kudai injini mbili, na pengine ningezitaka katika mstari mmoja. Kila nguo na mwili wake.

Liko jambo jingine ambalo katika ule mjadala hakuna aliyeligusa, na kwangu ndilo kubwa kuliko idadi ya injini. Ni uwanja. Ndege yoyote, iwe na injini moja au nne, inahitaji ardhi iliyosawazishwa, isiyo na vichuguu, isiyo na miiba, na isiyo na mbuzi. Viwanja vidogo vingapi katika kaunti zetu mbili vimekuwa malisho? Mtu hufunga ng'ombe wake pale kwa sababu ndege haijatua muda mrefu, na ndege haitui kwa sababu pana ng'ombe. Kukata majani, kujaza mashimo, kuweka ua na kumwajiri mzee mmoja mwenye filimbi si kazi ya mabilioni. Ni kazi ya jembe, toroli na nia. Ukivuka mto wetu kuna ardhi tambarare ambayo ingetosha kabisa. Susu angeondoka siku ile ile.

Kwa wenzangu wanaoota kuwa marubani, na nawajua si wachache, nawaambia hivi: pendeni ndege zenye sura za ajabu, someni habari za Dornier na Rutan, chorani picha zake nyuma ya madaftari yenu, ila si ya Kiswahili. Lakini siku mtakapokabidhiwa moja, hesabuni injini kwa macho na masikio, si kwa kusoma karatasi ya muuzaji. Na kwa viongozi wetu wa kaunti, endapo jarida hili litawafikia, ombi langu ni fupi. Kabla ya kutuahidi ndege, tupeni mita 1,000 za ardhi safi kila upande wa mito mikubwa, na ziwe safi ifikapo Oktoba, kabla ya mvua.

Nikomee hapo, wino usije ukaniishia kabla ya mtihani. Mwenye hoja kinyume na amwandikie mhariri. Nafasi ya toleo lijalo ingalipo.